Neno "Severally": Tulielewe Kabla ya Kutia Sahihi

(Maneno haya yalisemwa mbele ya viongozi na wanachama wa vikundi vya kujisaidia. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, pamoja na maswali yaliyoulizwa.)



Najua kuna walioacha magugu shambani, na kuna walioacha ng'ombe na watoto. Leo sitazungumza juu ya kuku wala juu ya matangi ya maji. Nimeombwa kueleza neno moja tu la Kiingereza. Kuna mtu atasema, ati sisi watu wazima tuache kazi tuje kufundishwa neno moja kama watoto wa darasa la nne? Ngojeni kidogo. Neno hili likiwa katika gazeti halina taabu. Likiwa katika karatasi ambayo umetia sahihi, linaweza kuamua kama ng'ombe wako atalala kwako au kwa dalali.

Neno lenyewe ni "severally". Linatamkwa "sevrali". Liandikeni kwa daftari herufi kwa herufi, S-E-V-E-R-A-L-L-Y, kwa sababu katika fomu limeandikwa kwa herufi ndogo sana na jicho hulipita. Mara nyingi linakuja na mwenzake, "jointly", na wawili hao husimama hivi: "jointly and severally". Huyo "jointly" hana shida kubwa, maana yake ni kwa pamoja. Huyu wa pili ndiye anayetudanganya.

Nimesikia mama mmoja hapa mbele akisema, "Hilo si ni mara nyingi?" Mama, una sababu ya kusema hivyo. Hapa Kenya ndivyo tunavyolitumia. Kijana akikupigia simu usipokee, jioni atakwambia, "Nimekupigia severally." Karani ofisini anaandika barua, "We have reminded you severally." Hata magazetini utalikuta hivyo. Tulijua kwamba "several" ni kadhaa, tukaongeza mkia wa "ly" kama tunavyoongeza kwa maneno mengine, tukapata "mara kadhaa". Siwacheki wanaosema hivyo. Lugha ikiingia nchi nyingine hupata tabia za huko, na Wakenya wawili wakizungumza hivyo wanaelewana vizuri kabisa. Ila ukitaka kusema "mara kadhaa" kwa Kiingereza kinachokubalika kila mahali, sema "several times" au "repeatedly".

Shida ni kwamba wakili aliyeandika fomu ya mkopo hakutumia Kiingereza cha simu. Kwake yeye "severally" ni kila mmoja peke yake, mmoja mmoja, kwa kutengana. Hapo hakuna habari ya mara ngapi. Sasa fikirini mwanachama anayesoma kwamba kikundi kitalipa "jointly and severally" akaelewa kwamba tutalipa pamoja na mara kwa mara, yaani kidogo kidogo kila mwezi. Ametia sahihi kitu kingine kabisa. Na oneni jinsi ilivyo rahisi kupotea hapo! Mkopo wa kikundi hulipwa kweli kwa pamoja, na hulipwa kweli mara nyingi, kila wiki au kila mwezi. Ile maana isiyo sawa inakaa vizuri katika sentensi kuliko maana yenyewe. Ndiyo sababu mtu hata hashtuki kuuliza.

Neno limetoka wapi

Nitapita hapa haraka, lakini inasaidia kukumbuka. Mwaka 1066 Wanormani kutoka Ufaransa waliishinda Uingereza. Kwa muda mrefu baada ya hapo mahakama za Uingereza zilikuwa zikisema Kifaransa na kuandika Kilatini, na mawakili wao wakabaki na maneno mengi ya lugha hizo. "Several" ni moja ya hayo. Shina lake ni lile lile lililozaa "separate", yaani kutenga. Kwa hiyo maana yake ya kwanza ilikuwa "kilichotengwa, kila kimoja mahali pake". Baadaye watu wa kawaida wakaona kwamba vitu vikiwa vimetengana basi ni zaidi ya kimoja, na neno likateleza hadi likawa "kadhaa".

Hata Kiswahili kimefanya safari kama hiyo. "Mbali" ni kutokuwa karibu. Mwalimu akiwaambia watoto wakae mbali mbali wakati wa mtihani, anataka watengane. Lakini ukisema "nimezungumza na watu mbalimbali", hapo hufikirii tena umbali, unafikiria watu kadhaa wa namna tofauti. Sasa sheria ya Kiingereza ni kama mzee ambaye kila akisikia "mbalimbali" yeye bado anaona watu waliokaa wametengana. Hakukubali kuhama na wenzake. Ukimkumbuka mzee huyo, neno halitakupotea.

Wale waliosoma mchezo wa Shakespeare juu ya Julius Caesar, ule ambao tafsiri yake ya Kiswahili ya Mwalimu Nyerere ilitolewa mwaka 1963, watakumbuka kwamba Caesar akishauawa umati unagawanyika. Wengine wanakwenda kumsikiliza Brutus na wengine Cassius, ndipo walinganishe sababu za kila mmoja. Shakespeare alitumia neno letu hapo hapo, kwa maana ya kuwasikia kila mmoja peke yake.

Neno hili lina ndugu pia, "severalty", ambalo hutumiwa kwa ardhi: shamba la mtu mmoja lililokatwa kutoka ardhi ya wote. Marekani walipitisha sheria mwaka 1887 yenye neno hilo katika jina lake refu, ya kugawa ardhi ya wenyeji wa asili wa nchi ile vipande vipande, kila mtu na chake, na kilichobaki kikaenda kwa wageni. Mwaka huo wenyeji walikuwa na kama ekari milioni 138. Kufikia 1934 zilibaki kama milioni 48. Watu wa Kajiado na Narok walioona ranchi za vikundi zikikatwa mafungu wataelewa upesi kwamba kutenganisha kilichokuwa cha pamoja si jambo la karatasi tu. Basi hayo yatosha, turudi kwa mambo yetu.

Katika akaunti ya benki

Mahali pa kwanza ambapo kikundi kinaweza kukutana na neno hili ni siku ya kufungua akaunti. Fomu ina mahali pa kueleza ni nani watatia sahihi pesa zikitolewa. Fomu nyingine zinasema wazi: mmoja yeyote, wawili wowote, au wote. Nyingine zinatumia "jointly" na "severally". Mkichagua "jointly", waliotajwa wote watie sahihi ndipo pesa zitoke. Mkichagua "severally", mmoja wao peke yake anatosha. Mweka hazina anaweza kwenda Jumatatu asubuhi, peke yake, akatoa yote, na benki haina makosa. Ilifuata maagizo yenu.

Sasa mtu aliyezoea "severally" ya simu anaweza kuona mahali hapo akafikiri anaulizwa kama kikundi kitakuwa kikitoa pesa mara nyingi. Atasema, ndiyo, sisi tunatoa pesa mara nyingi, tuna merry-go-round kila wiki. Anaweka alama. Jamani!

Dawa yake ni rahisi. Msiache neno hilo liseme kwa niaba yenu. Mwambieni karani aandike idadi na vyeo: watie sahihi watatu, mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na bila hao watatu hakuna pesa kutoka. Kama fomu ina "jointly and severally" pamoja mahali pa sahihi, msiende nyumbani kabla hamjaelezwa ni wangapi hasa wanahitajika. Azimio hilo liwe pia katika kumbukumbu za mkutano wenu, ili asitokee mtu baadaye akasema hakujua. Kuhusu akaunti sina mengi zaidi, maana kosa hilo linaweza kurekebishwa kwa barua moja kwenda benki. La mkopo halirekebishwi hivyo.

Katika mkopo

Tuchukue mfano. Kikundi cha watu kumi na wawili kinakopa shilingi 240,000. Kila mmoja anapata 20,000 za biashara yake. Riba tuiache kando ili hesabu isitusumbue. Baada ya miezi kadhaa wanachama wanne wamemaliza kulipa 20,000 zao, hizo ni 80,000. Wale wanane waliobaki wamelipa 10,000 tu kwa jumla, kisha mambo yao yakaharibika. Mmoja amehamia mjini na simu haishiki, mwingine duka lilifungwa, mwingine mtoto aliugua, na kadhalika. Jumla iliyolipwa ni 90,000. Deni lililobaki ni 150,000.

Katika wale wanne waliomaliza kuna mama mmoja. Ana ng'ombe wa gredi, ana mabati juu ya nyumba, na shamba lake linaonekana kutoka barabarani. Je, anadaiwa nini?

Kama mkataba unasema "severally" peke yake, yule mama hana deni. Kila mtu alibeba fungu lake, naye lake ameliweka chini. Mkopeshaji awatafute wale wanane, kila mmoja kwa kilichobaki katika fungu lake.

Kama mkataba unasema "jointly and severally", mkopeshaji anaweza kuja kwa yule mama peke yake kudai 150,000 zote. Halazimiki kuanza na waliokosa kulipa. Halazimiki kuwatafuta wote wanane. Anaruhusiwa kuchagua, na kwa kawaida mtu akiruhusiwa kuchagua atachagua mwenye kitu kinachoonekana. Hapo ndipo mimi huona uchungu wa jambo hili. Anayefikiwa kwanza ni yule aliyefanya bidii, aliyekaa nyumbani, aliyelipa kwa wakati. Aliyetoroka ni vigumu kumpata, na aliye maskini kabisa hana cha kuchukuliwa.

Na msidhani kwamba "jointly" peke yake ingemwokoa. Hilo nalo ni deni moja zima lililowekwa juu ya wote. Tofauti yake na lile la maneno mawili iko zaidi katika jinsi mawakili wanavyopeleka kesi kortini, na hatutaingia huko leo. Linalowagawia watu mafungu ni "severally" likiwa peke yake. Likisimama na "jointly" linafanya kazi nyingine, linampa mkopeshaji njia zote mbili, awafuate wote au amfuate mmoja.

Kuna mambo mawili ya kumpunguzia mama yule huzuni. La kwanza, mkopeshaji hawezi kulipwa deni hilo hilo mara mbili. Akishapata 150,000 zake, kwake yamekwisha. La pili, yule aliyelipia wenzake ana haki ya kuwadai, kila mmoja kwa fungu lake. Sheria inamruhusu. Lakini fikirini maana yake katika kijiji. Mkopeshaji mwenye magari, makarani na wakili alishindwa kumpata yule wa mjini, sasa kazi hiyo anaachiwa mama mmoja mwenye jembe. Na wengine wanaobaki ni jirani zake, wanachota maji mto mmoja. Haki anayo, ila ni haki nzito kuibeba.

Tusichanganye jambo hili na dhamana. Kuweka dhamana ni kutaja kitu fulani, kwa mfano hatimiliki ya shamba, kwamba kikishindikana kulipwa kitu hicho kitauzwa. Tangu mwaka 2017 tuna sheria inayoruhusu hata mali inayohamishika, kama ng'ombe au cherehani, iwekwe dhamana na kuandikishwa. Hilo "jointly and severally" halitaji kitu chochote. Linakutaja wewe. Halina orodha ya mali, na kwa hiyo mtu husema, "Mimi sikuweka chochote." Kweli hukuweka kitu, ulijiweka mwenyewe. Mkopeshaji akishinda kesi ndipo mali yako inatafutwa.

Kwa nini wanaliweka

Nisije nikawafanya muone kila mkopeshaji ni mwizi. Haikuwa hivyo tangu mwanzo na si hivyo sasa. Zamani benki ilikuwa ikitaka hatimiliki, na hatimiliki nyingi ziliandikwa jina la mwanamume. Mwanamke mwenye akili ya biashara na asiye na karatasi alirudi nyumbani mikono mitupu. Mtindo wa kukopesha watu kwa kupitia vikundi vidogo, ambao Muhammad Yunus alijulikana nao huko Bangladesh, na Grameen ikawa benki kamili mwaka 1983, ulifungua mlango huo. Hapa kwetu mashirika mengi yaliufuata, na serikali ikaanzisha hazina ya biashara ya wanawake mwaka 2007. Mahali pa hatimiliki paliwekwa wenzako. Wewe unamjua jirani yako kuliko benki inavyomjua, unajua kama anaamka mapema au anashinda kwa pombe. Ukikubali kusimama naye, mkopeshaji anaamini.

Kwa hiyo neno hili ndilo bei ya mkopo usio na shamba. Wengine wataona bei hiyo inafaa, na ninawaelewa. Mimi sipendi tu mtu alipe bei ambayo hakuambiwa. Sisemi kwamba fomu ya kila mkopeshaji ina neno hili. Someni yenu.

Tufanye nini basi

Kabla ya siku ya sahihi, ombeni nakala ya mkataba mkae nayo angalau wiki moja. Ofisa wa mikopo akisema hakuna nafasi, jiulizeni haraka hiyo ni ya nani. Katiba yetu ya 2010 katika kifungu cha 46 inampa mnunuzi wa huduma haki ya kupata habari anazohitaji, na kifungu cha 7 kinafanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kwa hiyo kumwambia mtu wa benki "tueleze kwa Kiswahili" si ujinga wala si ujeuri.

Atakapoeleza, msikubali maneno ya jumla kama "hiyo ni ya kawaida tu, kila mtu hutia sahihi". Mpeni mfano wenye hesabu, kama ule wa mama wa ng'ombe. Muulizeni: mimi nikimaliza fungu langu na wenzangu wasilipe, mtakuja kwangu? Kwa kiasi gani? Mtaanza na nani? Anayejua kazi yake atajibu. Jibu hilo katibu aliandike, pamoja na tarehe na jina la aliyejibu. Lakini jueni pia kwamba maneno ya mdomo hayafuti yaliyoandikwa. Akisema "hatuwezi kuja kwako kwa deni la mwingine", mwambieni basi aandike hivyo katika mkataba.

Hapo kuna njia mbili au tatu za kuomba. Mnaweza kuomba neno "jointly" liondolewe libaki "severally", na sasa mnajua ni kwa nini. Ikikataliwa, ombeni kiwekwe kipimo, kwamba hakuna mwanachama atakayedaiwa zaidi ya shilingi fulani. Ikikataliwa pia, kopeni kidogo, kiasi ambacho hata mkibaki watano mnaweza kukilipa. Kuna vikundi vitaamua kutokopa kabisa mwaka huo, viendelee na table banking ya pesa zao wenyewe. Mimi sioni aibu yoyote hapo.

Mambo haya yanaweza kusemwa wazi mtu akitaka. Tazameni kifungu cha 153 cha Katiba hiyo hiyo. Kinaeleza kwamba mawaziri wanawajibika kwa Rais, na maneno kilichotumia ni "individually, and collectively". Kila mmoja binafsi, na wote kwa jumla. Kama Katiba ya nchi imeweza kusema hivyo, fomu ya mkopo wa shilingi elfu ishirini inaweza.

Jambo la mwisho katika sehemu hii ni ninyi kwa ninyi. Kabla hamjaenda kwa mkopeshaji, andikeni mkataba wenu wa ndani kwa Kiswahili, kila mtu atie sahihi au kidole gumba. Uonyeshe nani alichukua ngapi. Useme kwamba mmoja akilazimika kumlipia mwingine, aliyelipiwa atarudisha, lini na kwa njia gani. Kila mkutano tengeni pesa kidogo za akiba ya dharura, ili mwanachama akikosa malipo ya mwezi mmoja pengo lizibwe mapema. Deni la elfu mbili likizibwa mwezi wa kwanza halizai kesi. Na chagueni watu. Najua ni vigumu kumkatalia ndugu au jirani kuingia kikundi, lakini ukishatia sahihi, tabia yake imekuwa mali yako.

Maswali

Mama mmoja aliuliza: "Nikijiondoa katika kikundi kabla deni halijaisha, si jina langu linatoka?"

Halitoki, mama. Kikundi kinaweza kukubali barua yako, na kumbukumbu ziandike kwamba umeondoka kwa amani. Mkopeshaji hakuwa katika mkutano huo. Kwake wewe bado ni mmoja wa waliotia sahihi, mpaka yeye mwenyewe akuachilie kwa maandishi. Barua hiyo idai kabla hujaondoka, uiweke pamoja na kipande chako. Na wewe mgeni unayeingia mahali pa aliyeondoka, uliza kama unatia sahihi deni la zamani au mkopo mpya tu.

Mzee mmoja aliuliza: "Na mtu akifa?"

Mzee, hapo watu huogopa sana na wengine hutishwa bure. Chini ya maneno hayo mawili, wanaobaki hai bado wanadaiwa. Mali aliyoacha marehemu nayo inaweza kudaiwa kabla warithi hawajagawana. Lakini mtoto wa marehemu ambaye hakutia sahihi hadaiwi kutoka mfukoni mwake, wala mshahara wake hauguswi. Mtu akija matangani kuwatisha watoto, muulizeni aonyeshe sahihi zao. Tena, wakopeshaji wengine hukata pesa kidogo mwanzoni za bima ya mkopo. Ulizeni kama mmekatwa, na kama bima hiyo inalipa mwanachama akifariki. Kikundi kinaweza kuendelea kulipa deni ambalo tayari lina bima, kwa kutouliza tu.

Mwingine alitaka kujua: "Sisi ni wanachama wa sacco, si kikundi cha mkopo. Neno hili linatuhusu?"

Linaweza kuwahusu kama mmemdhamini mwenzenu. Fomu ya wadhamini isomeni vile vile. Kama mko wadhamini wanne na maneno ni yale mawili, usihesabu kwamba wewe umebeba robo.

Kijana mmoja wa huko nyuma aliinua mkono akauliza: "Kwa hivyo nisiseme tena 'nimekupigia severally'?"

Kwa simu sema utakavyo, rafiki zako watakuelewa. Ila ukiandika barua ya kuomba kazi, andika "several times". Na kwa kuwa wewe umesoma na macho yako ni mazuri, kaa na akina mama hawa sasa. Kila kikundi kitoe fomu kilichokuja nayo. Tuanzie ukurasa wa mwisho, pale penye nafasi za sahihi, turudi nyuma mstari kwa mstari. Yeyote atakayeliona neno alipigie mstari kwa kalamu ya risasi, kisha aniite.